Hoja ya Kuchunguza Mdomo wa Bwawa

Sheria ya kuchunguza jambo inamzuia nani kufanya nini?

Baba aliniuliza hivyo akiwa amekaa karibu na mafiga, suruali imekunjwa hadi magotini, akigeuza nyayo zake mbele ya moto kama mtu anayechoma mahindi. Nilikuwa nimemaliza kumsomea rasimu ya hoja ambayo diwani wetu alitaka kuipeleka kwenye baraza la wilaya kule Kasese. Nilimsomea kwa madaha, maana sehemu kubwa niliiandika mimi, nikamtafsiria kwa Kilhukonzo, lugha yetu, pale ilipobidi. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza. Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua.

Nilikuwa na shahada ya utawala wa umma na sikuwa na kazi. Chuoni nilijulikana kwa maswali. Mhadhiri mmoja aliwahi kuniomba mbele ya darasa niwaachie na wengine wapumue. Nilihoji chama, nilihoji kanisa, nilihoji kwa nini wimbo wa taifa lazima uimbwe watu wakiwa wamesimama. Lakini swali la baba nililijibu kwa maneno ya kitabuni. Nilimwambia kwamba kila jambo la maana huanza na uchunguzi. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyowaitikia wahubiri wanaopita nyumba kwa nyumba, akaendelea kugeuza nyayo.

Baba alikuwa mtu wa mdomo. Ndivyo walivyoitwa wanaume wachache walioajiriwa kwenye bwawa la umeme lililo bondeni, chini ya mgongo wa mlima tunapoishi, juu kidogo ya Bwera. Mtu akisikia bwawa hufikiria ziwa. La kwetu ni ukuta wa zege uliokatiza mto, si mrefu sana, na pembeni yake kuna tundu kubwa linaloyameza maji na kuyapeleka kwenye bomba hadi kwenye mitambo, mbali kule chini. Tundu hilo ndilo mdomo. Limewekewa nondo nene zilizosimama wima ili mawe na magogo yasiingie kwenye bomba.

Mto wetu unatoka juu kabisa, kwenye baridi na ukungu, na mvua ikinyesha huko haubebi maji peke yake. Unabeba mashina ya migomba, mizizi, mihogo iliyong'olewa na udongo wake, mbuzi aliyekufa, chupa za plastiki, magunia. Vyote hivyo hukimbilia mdomoni na kung'ang'ania nondo. Maji yakipungua kwenye bomba, mitambo huanza kukohoa, na msimamizi hupigiwa simu kutoka Kampala. Hapo watu wa mdomo wanashuka na fito ndefu zenye ndoano. Zile takataka za juu zinavutwa kwa fito. Za chini hazifikiki. Lazima mtu aingie, amefungwa kamba chini ya makwapa, asimame kifua kizima ndani ya maji yanayonyonywa, na apapase nondo kwa miguu hadi apate kilichokwama.

Kulikuwa na lango la kufunga mdomo. Likifungwa, mvuto unakufa na mtu anaweza kuingia kama anayeoga. Lakini lango likifungwa mitambo inasimama, na kuiwasha tena ni kazi, na msimamizi lazima aeleze kwa nini ilizimwa. Kwa hiyo mara nyingi lango halikufungwa. Aliyeingia zaidi ya wote alikuwa baba, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote.

Aliyeshika kamba yake alikuwa Mkongo mmoja kutoka upande wa Butembo, mwanamume mpana, Mkatoliki, aliyevuka mpaka na watoto wake wakati kwao kulipowaka vita. Naye ndiye aliyenibatiza Profesa. Kabla baba hajaingia majini, yeye ndiye aliyepiga ishara ya msalaba, ingawa anayeingia alikuwa mwingine. Nilipomwambia kuhusu hoja yangu alicheka mpaka akashika tumbo.

"Profesa," aliniambia, "hii mayi haisomaka karatasi."

Msimu wa mvua uliotangulia, gogo lilimgandamiza baba kwenye nondo. Walimvuta wakamtoa, akarudi nyumbani kwa miguu yake, akasema ameteleza. Mama, ambaye huuza chumvi ya Katwe kwenye soko la Bwera na ana macho ya mtu aliyezoea kupunjwa, alimvua shati kwa nguvu. Mgongoni mwake kulikuwa na mistari ya bluu, imesimama wima, yenye nafasi sawa kati ya mmoja na mwingine. Mtu angeweza kuhesabu nondo za bwawa kwenye ngozi yake. Mama hakulia. Alimwambia baba achague kati ya mdomo ule na yeye, na baba akasema, kwa upole uleule unaoniudhi, kwamba akiacha yeye ataingia kijana mwenye watoto wadogo. Alikuwa ameshakuwa na mvi hadi kwenye nyusi.

Mvua ziliisha. Tukapata miezi ya jua, na mimi nikaapa kwamba mvua zikirudi, baba hataingia tena majini. Nilikuwa sina kazi, nilikuwa na hasira, na niliamini kwamba vitu hivyo viwili vikichanganywa na elimu vinatosha.

Diwani wetu alikuwa mwanamke anayenunua kahawa, mwenye sauti ya kufukuza kima shambani. Alinisikiliza akiwa anapima magunia, akasema kama ninaweza kuandika basi niandike, yeye atasimama. Tulienda Kasese kwa mwanasheria wa wilaya, kijana aliyefunga tai hadi koo likatuna. Nilimwambia tunataka sheria ya kulazimisha mdomo ule ujengwe upya. Alitueleza, bila dharau, kwamba umeme ni wa serikali kuu. Wilaya haiwezi kuamuru bwawa lijengwe vipi. Inachoweza ni kutunga sheria ndogo ya kuchunguza: wahandisi waje, waangalie jinsi maji yanavyoingia, waseme kama mdomo unaweza kugeuzwa ubavu ili magogo yapite, kama panaweza kuchimbwa karo la kutuliza mchanga, kama panaweza kuwekwa mashine ya kusafisha nondo. Uchunguzi ukikamilika, wilaya inaupeleka mbele na kuomba.

"Kuomba," nilirudia.

"Kuomba rasmi," alisema.

Hiyo ndiyo hoja niliyomsomea baba, na ndiyo aliyoiulizia lile swali. Nililala vibaya siku hizo. Niliona kwamba baba ameuona utupu ambao mimi niliufunika kwa maneno. Wahandisi wangeweza kuchunguza mwaka mzima huku yeye akiendelea kupapasa nondo kwa miguu. Kwa hiyo niliongeza kifungu kimoja kuelekea mwisho, kati ya vifungu viwili vya kuchosha: kwamba kwa muda wote wa uchunguzi, mtu yeyote asiingie majini mbele ya mdomo kabla lango halijafungwa. Diwani alikisoma, akanitazama juu ya miwani yake.

"Hiki kifungu ni cha baba yako."

"Ni cha yeyote anayefungwa kamba."

"Sawa, mwanangu. Ila tusikisome kwa sauti sana, wasije wakakiona."

Barazani hoja ilisomwa siku ya joto kali, lile joto la Kasese linalofanya hata bati lilalamike. Diwani mmoja kutoka upande wa Bulembia aliuliza kwa nini tuchunguze maji ya watu wa juu wakati barabara ya kwake haijachunguzwa. Mwingine aliuliza kama bwawa linaumwa. Watu wakacheka. Diwani wetu akajibu kwamba bwawa haliumwi, wanaoumwa ni wanaoliosha meno, na wakacheka zaidi, lakini safari hii upande wake. Spika akaamua kamati iende ikajionee kwa macho, kisha irudi na pendekezo.

Nilifurahi kama mjinga. Nilihoji kila kitu maishani mwangu, lakini sikuhoji hilo. Nilisema moyoni kwamba hakuna mtu anayeweza kusimama pale juu ya ukuta, aone mdomo ulivyoziba, aone kamba, aone ule mvuto wa maji, halafu arudi Kasese akatae. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka huko juu na takataka zilikuwa zimejaa. Nilituma ujumbe nyumbani kwamba waheshimiwa wanakuja. Ujumbe haukusema zaidi ya hapo. Sikuona haja.

Siku yenyewe nilipanda gari la kamati kutoka Kasese, nimebanwa kati ya mwanasheria na katoni za soda. Njia nzima nilimweleza mwenyekiti wa kamati atakachokiona. Alikuwa mzee mwenye heshima zake, aliyesinzia kwa adabu, akiamka kila baada ya kona kusema, naam, naam.

Nilianza kuona kitu hakiko sawa tulipoacha barabara kubwa. Njia ya kushuka bwawani ilikuwa imefagiliwa. Si kufagiliwa tu. Kingo zake zilikuwa zimepangwa mawe, na mawe yamepakwa chokaa. Wanawake wa mgongo wetu wa mlima walikuwa wamesimama kwenye kona na vigelegele. Mama yangu alikuwa miongoni mwao, amevaa gomesi yake ya harusi za watu, mshipi unang'aa. Mbele zaidi nilinusa nyama.

Kisha tukafika juu ya ukuta, na nikaona nondo.

Sijawahi kuziona vile tangu nizaliwe. Zilikuwa wazi kutoka juu hadi pale macho yanapoishia. Hapakuwa na jani. Hapakuwa na chupa. Maji yalikuwa yanaingia mdomoni yamenyooka, laini, kijani kidogo, na yalikuwa yanapendeza kutazama. Fito zilikuwa zimeegemezwa ukutani kwa mpangilio wa urefu. Kamba ilikuwa imekunjwa duara na kuwekwa juu ya turubai safi. Watu wa mdomo walikuwa wamepanga mstari, wamevaa nguo za kanisani, na baba alikuwa wa kwanza, amevaa koti la kijivu alilonunua kwa ajili ya mahafali yangu. Alikuwa ananitazama kwa furaha. Mikono yake ilikuwa imechubuka mpaka kwenye viwiko.

Msimamizi wa bwawa, mwanamume mtaratibu mwenye kofia ngumu ya njano, alisema ukweli: kwamba hali inabadilika kulingana na mvua. Mwenyekiti alitazama maji kwa muda. Akauliza mbona yanapita vizuri. Nikafungua mdomo kueleza, na baba akanipa jicho ambalo sikulipata tangu nikiwa mtoto, lile la kusema hapa hujaulizwa. Mwenyekiti akamgeukia yeye, kama mkubwa wa pale.

"Mzee, kuna shida yoyote na haya maji?"

"Karibuni sana, waheshimiwa," baba alisema. "Tunamshukuru Mungu. Kazi inaendelea."

Mwenyekiti akatikisa kichwa, ameridhika. Mwanasheria akaandika. Diwani wetu alinitazama. Aliingilia kati akasema kwamba hali huwa si hii, kwamba wiki moja kabla palikuwa hapatazamiki, na mwenyekiti akamjibu kwa utani kwamba basi wiki hii Mungu amejibu maombi.

Kilichotakiwa kifuate kila mtu wa kwetu anakijua. Wageni wananawishwa mikono. Wanaletewa bundu, ule ugali wa muhogo unaovutika, na nyama, na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Wanakula washibe. Mikono ikishaoshwa mara ya pili, mwenye nyumba anajikohoza na kusema: sasa, jamani, mmetukuta hivi, lakini yako mambo. Hapo ndipo baba angevua koti. Nilijua baadaye kwamba walikuwa wamepanga hivyo hasa. Yule Mkongo ndiye angeanza kueleza, na baba angegeuka na kuonyesha mgongo wake, na mama angesema maneno yake. Walikuwa wameyagawana.

Lakini mawingu yalikuwa yanashuka mlimani, na dereva alihofia utelezi, na kamati ilikuwa inasubiriwa Kasenyi kuangalia mwalo wa samaki kabla jioni haijaingia. Mwenyekiti aliomba radhi kwa ukarimu mkubwa. Alisema chakula kifungwe kwenye majani, watakula njiani. Kikafungwa. Walipewa na kuku mzima. Gari likapinda kwenye mawe yenye chokaa, wanawake wakapiga vigelegele vya mwisho, na mimi nikabaki nimesimama na baba.

Nilisubiri watu watawanyike. Ndipo nikamgeukia.

"Tata, kwa nini mlisafisha?"

"Wageni walikuwa wanakuja."

"Walikuja kuona uchafu."

"Hakuna mgeni anayekuja kuona uchafu," alisema. "Wewe ungemkaribisha mtu kwenye choo kisichofagiliwa?"

"Na alipokuuliza kama kuna shida?"

Alinitazama kama ninauliza kwa nini mtu huvua viatu.

"Hawakuwa wamekula."

Nilimwambia maneno mengi baada ya hapo. Nilimwambia kwamba hawa si wageni, ni watumishi wetu, kwamba tunawalipa, kwamba walitakiwa kutukuta kama tulivyo. Alikuwa amechoka. Walikuwa ndani ya maji tangu juzi yake, kwa zamu, ili kila kitu kiwe safi. Alisema polepole kwamba pengine wataelewa, maana watu wazima huelewa wanapoona mtu amehangaika kwa ajili yao. Yule Mkongo alikuwa ameketi kwenye turubai, anakula ile nyama iliyobaki, na hakunifanyia mzaha hata mmoja.

Kamati ilitoa taarifa yake kwenye kikao kilichofuata. Ilisema imejionea kwa macho yake maji yakipita bila kizuizi, mazingira yakiwa safi ya kupigiwa mfano, na wafanyakazi wakiwa na ari. Ilipendekeza hoja iahirishwe hadi itakapoonekana haja. Niliketi kwenye viti vya wananchi nikiwa na picha kwenye simu, picha za mdomo ulioziba, alizopiga mmoja wa wale wa mdomo miezi kadhaa nyuma. Niliinuka nikasema naomba kuonyesha kitu. Spika aliniambia kwa upole kwamba wananchi hawasemi barazani. Nikasema basi nitaonyesha bila kusema, nikainua simu juu. Askari wa mlangoni akanijia, afande mrefu mwenye manukato, akaninong'oneza nikae chini au nitoke, binti, usinipe kazi. Kutoka pale nilipokuwa, picha ilikuwa ndogo kama kucha. Diwani mmoja alisema picha zinaweza kuwa za mto wowote. Hoja ikaahirishwa.

Nilijaribu kila njia wiki zilizofuata. Nilimfuata mwanasheria, akaniambia nisubiri robo ya mwaka. Nilimpigia mwenyekiti, akapokea mara moja, akakumbuka kuku, akamsalimia baba. Nilikwenda kwenye redio. Mtangazaji aliniuliza kama bwawa limebomoka, nikasema bado, akasema likibomoka nirudi. Nilimwomba msimamizi aahidi kwa mdomo tu kwamba atafunga lango kwanza. Alisema angependa sana. Alisema si yeye anayeamua. Nilimwomba baba awe mgonjwa. Mama alimwomba pia, kwa njia zake. Kila asubuhi niliangalia mlima kabla sijanawa uso, nikitaka kuona kama kileleni kuko wazi, kama vile kuangalia kwangu kungeweza kushikilia wingu.

Ikaja Jumamosi moja ya jua. Kwetu hapakuwa na tone. Nilikuwa naanika maharage niliposikia mto umebadilika. Ukiishi karibu nao unasikia mawe yanavyogongana chini. Nikaacha maharage, nikakimbia.

Nilipofika, baba alikuwa ameshaingia. Mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa na ulikuwa unapanda. Mbele ya mdomo palikuwa pamefunikwa kabisa na mashina ya migomba na matawi, yamesukwa kama kiota, na katikati ya kiota hicho niliona kichwa cha baba na mabega yake. Mkongo alikuwa juu ya ukuta, kamba imezungushwa kiunoni mwake, miguu imekita. Msimamizi alikuwa na simu sikioni. Nilimshika mkono nikamwambia afunge lango. Akaniambia amewaomba, wamesema angoje kidogo, wanatafuta umeme wa upande mwingine.

Nikamwambia kuna kifungu. Nilikisema chote, neno kwa neno, kile cha kuelekea mwisho, kuhusu mtu yeyote kuingia majini kabla lango halijafungwa. Nilikuwa napiga kelele ili nisikike juu ya maji.

"Kifungu cha sheria gani?" aliniuliza. Hakuwa ananidharau. Alikuwa anatafuta kitu cha kuwaambia wale walioko kwenye simu.

Nikasema ni ile iliyoahirishwa. Kiota kikahama. Shina kubwa liliingia chini, na kichwa cha baba kikazama, na kamba ikanyooka kama waya wa kuanikia nguo. Mkongo hakuvuta, kwa sababu haikuvutika. Alikuwa anashikilia tu, anateleza kuelekea ukingoni, na wenzake wakamkumbatia kwa nyuma. Pale kwenye kibanda cha ulinzi kulikuwa na askari kijana, na Mkongo huyo, mkimbizi ambaye siku zote alimwamkia kila mwenye sare kwa kuinama, alimpigia ukelele.

"Afande! Funga!"

Askari akaegemeza bunduki ukutani, akaenda kwenye gurudumu la lango, akaanza kulizungusha. Msimamizi hakumzuia. Alitoa simu sikioni na kwenda kumsaidia. Lango lilishuka kwa kusita, likilia, na kadiri lilivyoshuka, kamba ilianza kulegea, mpaka wakaweza kuvuta.

Alitoka mzima wa roho. Mkono wa kulia ulikuwa umepita kati ya nondo mbili na shina likauvunjia pale, begani na kwenye kiwiko. Tulimshusha Bwera kwa bodaboda, mimi nimekaa nyuma nikimbana asianguke, na njia nzima aliniuliza kama maharage nimeyaanua. Mkono haukukatwa. Unaning'inia. Hauwezi kubeba kikombe.

Baraza liliipitisha hoja kwenye kikao cha baada ya hapo, haraka, bila mtu kuuliza kama bwawa linaumwa. Mwenyekiti wa kamati alisimama akatoa pole kwa familia na kusema kwamba sasa haja imeonekana. Kile kifungu changu kilitolewa. Mwanasheria aliniambia kwamba kuingia majini ni jambo la uendeshaji, si la uchunguzi, na lingekwamisha hoja nzima. Diwani wetu alilia kwa hasira kwenye gari. Tulisikiliza tangazo la redio nyumbani. Baba alikuwa anajifunza kula kwa mkono wa kushoto, kwa kificho, akigeukia ukuta. Aliposikia imepita, alisema vizuri. Mama akainuka akazima redio, akaenda nje, akakaa huko muda mrefu.

Wahandisi walikuja. Walikuwa wawili, wataratibu, walipima kina na mwendo wa maji, wakapiga picha, wakala. Walisema mdomo unaweza kugeuzwa ubavu. Haujageuzwa. Kijana mwenye watoto wadogo ndiye anayeingia sasa, na lango wakati mwingine linafungwa, wakati mwingine halifungwi, inategemea nani yuko kwenye simu.

Mkongo aliacha kazi wiki ileile baba alipoumia. Sikumwona kwa miaka. Nilimkuta siku ya soko huko Bwera, upande wa Mpondwe, anauza vitenge, amenenepa, kiti chake kimepangwa kivulini. Aliniita Profesa kwa sauti hadi watu wakageuka. Alinilazimisha nikae, akaniagizia chai, akauliza habari za mzee. Nikamwambia anaendelea, amejifunza kupalilia kwa mkono mmoja. Tukazungumza kuhusu siku ile, kuhusu kamba. Nilimuuliza kitu kilichonisumbua, kwa nini baba hakuwahi kukubali mtu mwingine yeyote amshikie kamba, hata siku ile Mkongo mwenyewe alipokuwa na homa. Siku hiyo kazi nzima ilingoja.

Alishangaa kwamba sijui. Aliweka kikombe chini.

"Tulipoandikwa kazi," alisema, "walisema wenye wanayua kuogelea wapite mbele. Nikapita. Yeye naye akapita. Akaniambia polepole, ndugu, miye kamba yangu utashika weye tu, na usiambie mutu."

Alisema alikuwa ameahidi, na alikuwa ametimiza, na sasa haikuwa na maana tena.

Baba yangu, aliyekuwa akiingia kwenye mto ule kila msimu wa mvua tangu nikiwa shule ya msingi, hakujua kuogelea.